Biti Moja Inayokosekana

Shuleni tulikaririshwa hali tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Orodha hiyo imeshapitwa. Zipo hali nyingine ambazo hata ukizitazama kwa hadubini kali kuliko zote huoni cha ajabu: atomu zimekaa zilipokaa, hakuna kinachoyeyuka wala kuganda. Tofauti iko katika jinsi elektroni zote kwa pamoja zilivyojipanga, na huioni ukichungulia mahali pamoja. Wanafizikia huziita hali za kitopolojia. Tangu mwaka 2006 baadhi yao wanashikilia kwamba njia ya kuzitambua ni kupima mfungamano wa kwanta, yaani kiasi ambacho sehemu moja ya maada imefungamana na sehemu nyingine hata isiweze kuelezwa peke yake.

Mada iliyopo mezani ni hii: mfungamano wa kwanta ndio kipimo cha kuaminiwa katika kutambua hali hizo, na mkoa wa Mara una sababu ya kukijali. Wasemaji wanne nimewatunga mimi, wanayobishania sikuyatunga. Binti ni mzaliwa wa Butiama aliyesomea fizikia Kigali. Mwalimu, mama wa makamo, anafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita Bunda. Fundi anatengeneza mizani Musoma mjini. Mzee ni afisa elimu mstaafu, anaishi Butiama.

FUNDI: Naanzia kwenye mizani kwa sababu ndiyo inayonilisha. Pale mwalo wa Mwigobero sangara hapimwi kwa jicho, na anayenunua dhahabu ya Buhemba anataka mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Nyuma ya ukaguzi huo kuna kilo, na kilo tangu tarehe 20 Mei 2019 si tena lile pande la platinamu na iridiamu lililofungiwa karibu na Paris. Sasa inatokana na namba ya Planck, na mitambo inayoipata inategemea ukinzani wa umeme aliougundua Klaus von Klitzing kule Grenoble, Februari 1980. Alichukua kipande cha silikoni, akakipoza karibu na sifuri halisi, akakiweka ndani ya sumaku kali. Ukinzani ukasimama kwenye ngazi: omu 25,812.8 gawanya kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, hata kipande kikiwa na uchafu kidogo. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake wakaonyesha kwamba hizo moja, mbili, tatu ni namba za kitopolojia. Sasa niambieni, hapo nani alipima mfungamano? Voltimita ilitosha.

(Nimempa Fundi nafasi ya kwanza makusudi. Watetezi wa mfungamano hupenda kuanza na nadharia, na mtu mwenye kifaa mkononi huwaumbua mapema.)

BINTI: Mzee, shikamoo. Mwalimu, shikamoo. Kaka, mfano wako ni wa kweli, ila umechagua mwepesi. Ngazi za namba kamili zinajitambulisha zenyewe. Njoo kwenye ngazi ya 5/2, iliyoonekana mwaka 1987. Hapo voltimita inasoma 5/2, basi, imemaliza. Wananadharia wana majibu zaidi ya moja kuhusu elektroni zinafanya nini mle ndani, na majibu yote yanatoa ukinzani uleule. Mwaka 2008 Hui Li na Duncan Haldane walifanya hesabu ya ngazi hiyo, wakaigawa maada pande mbili, wakachambua mfungamano kati ya pande hizo: si jumla yake tu, bali spektra yake nzima, yaani namba zote zinazoijenga jumla hiyo. Humo wakakuta alama ya hali yenyewe, ile ambayo ukinzani hauisemi. Haldane ndiye huyo aliyepata Nobeli ya 2016 pamoja na Thouless na Michael Kosterlitz.

MWALIMU: Marahaba. Lakini unakimbia, na wanafunzi wangu wangekuwa wameshasinzia. Mfungamano ni nini?

BINTI: Chukua chembe mbili zilizofungamana. Ukiipima moja peke yake, jibu ni la bahati nasibu. Ukiyalinganisha majibu ya zote mbili, yanakubaliana kuliko ambavyo yangeweza kama kila chembe ingekuwa imebeba jibu lake tangu mwanzo. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobeli ya 2022 kwa kulithibitisha hilo maabara. Sasa ichukue maada nzima. Zungushia eneo mstari, halafu uulize: habari za humu ndani zimefungwa na za nje kwa kiasi gani? Kiasi hicho ni entropi ya mfungamano. Kwa kawaida hukua kwa urefu wa mpaka, si kwa ukubwa wa eneo, kwa kuwa chembe hufungamana zaidi na jirani zake. Mwaka 2006 Alexei Kitaev na John Preskill upande mmoja, Michael Levin na Xiao-Gang Wen upande wa pili, walitoa jambo lilelile kila kundi kivyake: kwenye baadhi ya hali za kitopolojia hesabu ya mpaka haitimii. Kuna kiasi kinakosekana, na ni kilekile, mpaka uwe mfupi au mrefu.

MWALIMU: Kinakosekanaje?

BINTI: Wewe uko Bunda. Tuseme mji una njia nne: ya Mwanza, ya Musoma, ya Kisorya na ya Nyamuswa. Tuseme pia leo kila gari lazima limalizie safari pale lilipoanzia, hakuna linalolala njiani. Weka trafiki mmoja kila barabara, penye mpaka wa mji. Kazi yake ni kuandika neno moja tu jioni: magari yaliyokatiza hapa, kuingia au kutoka, idadi yake ni shufwa au witiri. Sasa lililoingia limetoka, na lililotoka limerudi. Kwa hiyo jumla ya njia zote nne ni shufwa, hakuna namna nyingine. Ukishawasikia trafiki watatu, wa nne huna haja ya kumpigia simu. Ulitegemea biti nne za habari, umepata tatu. Panua mpaka hadi ukatize barabara kumi: utapata tisa. Inayokosekana ni moja siku zote.

MWALIMU: Na anayesimama barabara moja, hata akikaa mwaka mzima, hatajua kwamba sharti hilo lipo.

BINTI: Hata akisimama kwenye tatu. Kila moja inaonekana kama bahati nasibu, na tatu kwa pamoja vilevile. Sharti liko kwenye zote nne. Katika mfano wa Kitaev unaoitwa msimbo wa tora, magari ni nyuzi zilizofunga pete, na kinachokosekana ni logi asilia ya 2, yaani 0.693. Kukitenga na urefu wa mpaka kuna ujanja wake. Gawa eneo vipande vitatu vinavyokutana katikati. Jumlisha entropi ya kila kipande, toa ya kila jozi, kisha rudishia ya vyote vitatu. Mipaka yote inafutana, na kilichobaki ndicho hicho.

(Sijui hesabu nyingi za karne hii zinazoenea kwenye nusu ukurasa wa daftari na kusema mengi kiasi hiki. Msomaji mwenye kalamu achore duara, alikate vipande vitatu, ahakikishe mwenyewe kila mstari unahesabiwa mara ngapi na unafutikaje.)

MZEE: Marahaba, binti yangu, nimechelewa kukuitikia. Nimekusikia. Mimi niliisoma Elimu ya Kujitegemea ilipotoka mwaka 1967, na Novemba 1974, lilipopitishwa Azimio la Musoma, nilikuwa mwalimu kijana. Azimio lile lilitaka watoto wote wawe shule ya msingi ifikapo 1977, na lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Chini yake kulikuwa na swali ninalokuuliza leo: elimu hii itamrudia nani? Chuo kikuu kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere hapa Butiama ni cha kilimo na teknolojia. Muhogo unamalizwa na batobato na michirizi kahawia. Wewe unataka tuhesabu magari ya kufikirika.

BINTI: Mzee wangu, Mwalimu Nyerere huyohuyo, kuanzia 1987 hadi 1990, aliongoza Tume ya Nchi za Kusini. Mjumbe mmoja wa tume ile alikuwa Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, Nobeli ya 1979. Salam ndiye aliyeanzisha kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, mwaka 1964, ili mtafiti wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na sayansi yake. Mwaka 2012 kituo hicho kilimpa Haldane medali ya Dirac, yeye na Charles Kane na Shoucheng Zhang. Mwaka 2015 kikampa Kitaev, pamoja na Gregory Moore na Nicholas Read. Na tangu 2018 kina ndugu yake Kigali, nilikosoma mimi, na Kigali kwetu ni karibu kuliko Dar es Salaam.

MZEE: Salam mwenyewe aliondoka kwao.

BINTI: Aliondoka Lahore mwaka 1954. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kazi yake. Kituo alikijenga kwa sababu hiyo.

(Hapa naingilia. Kukaa meza moja na Salam hakuthibitishi kwamba Nyerere angetaka nadharia ya kwanta ifundishwe Butiama, na sipendi marehemu aitwe shahidi wa jambo ambalo hakuulizwa. Hoja ya Mzee nayo ina ufa. Azimio la 1974 lilishughulika na nani aingie darasani na aingie lini. Kipi cha fizikia kifundishwe, halikusema.)

FUNDI: Mzee, muhogo tuuache kidogo. Nina swali moja. Nani ameshaitambua hali hii kwa kipimo hicho ndani ya kitu alichokikuta, si alichokitengeneza? Mwaka 2021 watu wa Google waliripoti kwamba wameipata ile 0.693, kwa karibu sana, kwenye chipu yenye kyubiti, yaani biti za kwanta, 31. Sawa. Lakini hali yenyewe waliipanga wao, hatua kwa hatua, kwa saketi yao, ndipo wakapima kama ipo. Wamejaribu kipimo. Hawajagundua maada.

BINTI: Na wewe mizani huipitishi mpaka uiwekee jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

FUNDI: Nakubali. Basi sasa nipe jiwe lisilojulikana.

BINTI: Lipo linaloshukiwa. Linaitwa herbertsmithaiti, jina la mtaalamu wa madini wa Uingereza, Herbert Smith. Ni madini ya kijani ya shaba na zinki, yalipatikana Chile. Atomu zake za shaba zimepangwa kwa pembetatu zinazogusana kwa ncha, mfumo ambao Wajapani huusuka kwenye vikapu na kuuita kagome. Kila atomu ya shaba ni sumaku ndogo inayotaka kumpa jirani yake mgongo. Penye pembetatu hilo haliwezekani kwa wote watatu. Ndiyo maana hata ukilipoza jiwe namna gani, sumaku hizo hazitulii kwenye mpangilio.

FUNDI: Mfungamano wake umepimwa?

BINTI: Kwa njia ya vipande vitatu, haujapimwa. Ndani ya punje moja kuna chembe zisizo na idadi, na kazi ya kupima entropi hupanda maradufu kwa kila chembe unayoiongeza. Lakini mfano wake umehesabiwa. Mwaka 2012 Hong-Chen Jiang, Zhenghan Wang na Leon Balents waliichukua hesabu ya sumaku za kagome, wakatafuta kile kinachokosekana, wakakuta namba iliyokaribiana mno na 0.693.

MWALIMU: Malizia na ya 2017, usimfiche kaka yako.

BINTI: Mwaka 2017 Yin-Chen He, Michael Zaletel, Masaki Oshikawa na Frank Pollmann waliirudia sumaku ya kagome kwa njia nyingine, wakaona dalili za hali tofauti kabisa, ambayo ndani yake ile namba haina maana tuliyoipa.

FUNDI: Ahaa!

(Kwa maoni yangu hili ndilo pigo zito kuliko yote kwenye mjadala huu, kuliko hata la chipu. Namba ilikubaliana na nadharia, na bado ubishi uko palepale. Sababu si ya ajabu. Kompyuta hazimudu ubapa mpana wa atomu, hivyo hesabu hufanyika juu ya mirija myembamba, na mrija mwembamba unaweza kuonyesha sura ambayo ubapa mpana hauna. Namba nzuri ikitoka mahali pembamba, mtu mwangalifu huiandika kwa penseli.)

MWALIMU: Mimi bado niko na trafiki wako, na wananisumbua. Wao wanaandika shufwa au witiri, hawaandiki kingine. Lakini kwenye kwanta kila mpangilio wa pete hubeba alama, chanya au hasi. Tuseme kuna maada ambayo pete zikiwa witiri alama inakuwa hasi. Trafiki watajua?

BINTI: Hawatajua. Na maada hiyo, kinadharia, ipo. Inaitwa semioni mbili. Inatoa 0.693 ileile ya msimbo wa tora, ilhali ni hali nyingine: chembe zake zikizungukana, zinatenda tofauti. Ndiyo maana mwaka 2012 Yi Zhang na wenzake walipendekeza kuikata maada iliyofungwa kama tairi kwa njia mbalimbali, kulinganisha mfungamano wa kila mkato, na kutoa humo jedwali zima linalosema chembe hizo zinatendeana vipi. Jedwali linatenganisha kile ambacho namba moja inakichanganya.

MWALIMU: Na kinyume chake? Namba ipo lakini hali haipo?

BINTI: Hilo nalo lipo. Mwaka 2016 Liujun Zou na Jeongwan Haah walionyesha mifano ambayo ukiikata vibaya inakupa kiasi kinachokosekana, wakati hakuna mpangilio wowote wa kitopolojia. Halafu kuna vihami vya kitopolojia, hivi ambavyo ndani havipitishi umeme na ukingoni vinapitisha. Hivyo vinatoa sifuri. Usipochambua spektra utavipita.

MZEE: Sasa binti yangu, mbona nyumba yako unaibomoa mwenyewe?

BINTI: Sibomoi, Mzee, natoa udongo uliooza. Sijawahi kusema namba hii ni muhuri. Nasema dalili za mahali pamoja ni mbaya zaidi. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti wa Delft waliosema wameona dalili za chembe za Majorana, za kitopolojia, kwenye ncha ya waya mwembamba. Walitegemea usomaji wa umeme pale nchani. Machi 2021 makala ikaondolewa. Usomaji wa namna ile unaweza kuletwa na uchafu wa kawaida tu. Fundi anapenda voltimita, na voltimita ndiyo iliyowaponza.

FUNDI: Dada, voltimita haikusema uongo. Waliosoma ndio walioharakisha.

BINTI: Basi na mrija mwembamba haukusema uongo.

(Kwa mara ya kwanza wote wawili wamesema jambo moja, na hakuna aliyekubali kwamba wamelisema. Mimi nitalisema. Mada ilikuwa na vitu viwili vilivyofungwa kamba moja. Kama maana, mfungamano umeshinda: mwaka 2010 Xie Chen, Zheng-Cheng Gu na Wen waliifafanua hali ya kitopolojia ya aina hii kuwa ni mfungamano wa masafa marefu usioweza kufunguliwa kwa hatua chache za hapa na pale, na sijaona maana iliyo bora zaidi. Kama kifaa, bado. Tunajua vizuri tunachokitafuta, na tumekipima pale tu tulipokiweka wenyewe. Anayesema kwamba kipimo hiki kinatambua maada, aongeze: kwenye kompyuta na kwenye chipu.)

MZEE: Swali langu halijajibiwa. Itamrudia nani?

BINTI: Kuigawa maada pande mbili na kuitafutia spektra ya mfungamano, kwenye karatasi ni kulichukua jedwali kubwa la namba na kulichambua mpaka zibaki safu chache zinazobeba mambo. Uchambuzi huohuo watafiti wa mbegu huutumia kwenye vinasaba vya muhogo, kujua mimea ipi ni ndugu na ipi imetoka mbali. Anayejua kufanya hili anajua kufanya lile.

MZEE: Hilo ungeanza nalo.

BINTI: Ningeanza nalo mngedhani nimekuja kuuza mbegu.

MZEE: Ningenunua. Haya, mimi sipingi tena kifundishwe, kwa sharti moja. Kisichukue saa hata moja ya muhogo. Na anayekifundisha aanze na jedwali la muhogo, elektroni zifuate.

FUNDI: Na maabara yake? Baridi ya karibu na sifuri halisi Butiama tutaipata wapi?

BINTI: Kitaev na wenzake wale hawakuwa na jokofu. Msimbo wa tora ulio mdogo, wa kyubiti nane, ni namba 256, kompyuta mpakato yoyote inaimudu. Wa kyubiti 31 ungehitaji namba zaidi ya bilioni 2, na hapo ndipo zinapohitajika njia za kupunguza majedwali. Sehemu ambayo ubishi wa kagome umekwama ni hesabu, kaka, si jokofu. Anayetaka kuingia anaingilia hapo.

FUNDI: Mimi nasubiri jiwe.

MWALIMU: Wewe subiri jiwe. Vijana wangu wa kidato cha sita nitawapa barabara nne, halafu nane, halafu wachore wenyewe ramani yoyote wanayotaka, wanionyeshe kwamba inayokosekana ni biti ileile moja. Alama za hasi tutazigusa mtihani wa moko ukishapita.

FUNDI: Na ikitoka mbili?

BINTI: Watazame mpaka wao. Ikitoka mbili, watakuwa wamezungushia miji miwili.